Picha za Ubao

Loisi alifuta picha zote arobaini za ubao kwenye tovuti ya shule aliyokuwa akiisimamia, na hakumwomba mtu ruhusa.

Zilikuwa picha za mwandiko wa mwalimu wa hesabu, na mwenyewe aliuringia mpaka mtaani Majengo. Badala yake Loisi aliandika kila kanuni kwa alama za kompyuta, ili kivinjari cha msomaji kiichore chenyewe.

“Wewe binti,” mwalimu alisema mbele ya wenzake ofisini, “utaniomba radhi hapa hapa, au tovuti unaikabidhi leo.”

Kabla Loisi hajajibu, aliingia msichana wa kidato cha nne mwenye ualbino, kishikwambi cha shule mkononi.

“Shikamooni. Mwalimu, swali la tano nimelipata.”

“Leo nani kakusomea?”

“Nimesoma mwenyewe.”

Alikisogeza kishikwambi karibu na pua, akaachanisha vidole viwili juu ya kioo. Picha za ubao zilipokuzwa hivyo zilikuwa zikigeuka ukungu. Sasa kanuni ilikua taratibu ikajaa kioo kizima, na ile mbili ndogo juu ya b ikasimama wazi, kingo zake safi kama zimekatwa kwa wembe.

Mwalimu aliinama akaitazama ile mbili, akaitazama tena.

“Hata hivyo ungeniuliza,” alisema kwa sauti ya chini. “Sema samahani tu, yaishe.”

Loisi aliisukuma kompyuta aliyoendeshea tovuti mpaka mbele ya mwalimu.

“Siombi radhi, mwalimu.”