Ua Alilokuja Nalo Mama

Kwa mazoea tu, mtafiti wa wadudu alilikung'uta juu ya karatasi nyeupe ua alilokuja nalo mama yake kazini, kama alivyokung'uta maua ya milimani miaka yote. Akaanguka thripsi mmoja, mdudu mwembamba kama kipande cha uzi.

Alimweka chini ya hadubini. Nywele mbili ndefu mabegani, mabawa yenye mstari wa kahawia. Yeye mwenyewe aliandika kwamba spishi hii haiishi popote ila kwenye mlima mmoja wa mbali.

"Mama, ua hili umelichuma wapi?"

"Kaburini kwa baba yako. Maua haya yameota yenyewe, yamejaa tele."

Tangu mazishi, mtafiti alikuwa hajakanyaga kule. Kila alipoambiwa aende, kazi ilikuwa imembana.

"Kwani huyo mdudu ana nini?"

"Hana kitu. Ila siwezi kuandika anapoishi mpaka nipaone kwa macho yangu."

Mama alikuwa keshasimama, mkoba begani.

"Namshukuru huyo mdudu," alisema. "Mimi nimekubembeleza mpaka mate yamenikauka."