Zamu ya Bibi Mwanakombo

Zama hizo kila mtoto alitolewa hofu ubongoni wiki aliyozaliwa, kwa sindano moja nyuma ya sikio. Nyumbani kwao, Bibi Mwanakombo ndiye pekee aliyebaki nayo. Mjukuu wake Riziki aliweza kutia mkono kwenye mafuta yanayochemka akitafuta kitumbua, kisha akayatazama malengelenge kama anayetazama maua.

"Kitendawili!" Bibi alisema, akiufunga mkono huo kitambaa.

"Tega!"

"Nina mlinzi wangu, hali, halali, wala hadai mshahara."

"Kufuli?"

"Wapi!"

"Haya, nakupa mji. Chukua Tanga."

"Tanga nimekwenda, nimekula nikashiba. Mlinzi ni hofu, mjukuu wangu."

"Hofu ndiyo nini, Bibi?"

Bibi akalikaza fundo la kitambaa.

Asubuhi muuguzi akabisha hodi. Sasa ilikuwa zamu ya wazee.

"Moyo wako unakwenda mbio bure, Bibi. Utapumzika."

"Na mtoto atachungwa na nani?"

"Kwani anachungwa na nini?" Muuguzi akacheka.

"Mama, usituaibishe," bintiye akamwambia.

Bibi akamtazama Riziki, kisha akainamisha shingo apigwe sindano.

Jioni alikaa kibarazani akimenya ndizi, mwili mwepesi kama wa mtu aliyetua kuni. Uani, Riziki alikuwa amekaa ukingoni mwa kisima, miguu ikining'inia ndani, akiinama kuuita mwangwi wake.

"Bibi, nione!"

"Nakuona, mjukuu wangu," akajibu kwa upole, akachukua ndizi nyingine.