Kisu cha Kukatia Okidi

"Hata hii!" Memsahibu alisema.

Jani la mwingajini, mmea aliopimia ugonjwa, alilolisugua kwa utomvu wa ua la okidi ya mwisho lilikuwa limejaa madoa meusi. Okidi zote za bustani yake hapo Tabora zilikuwa zinaumwa, na dawa hakuna.

"Raymundi," alimgeukia mtunza bustani wake, "kisu ulikipitisha motoni kuua ugonjwa kabla ya kukata kila mche?"

"Kila mara, Memsahibu."

Kisu kilikuwa kiunoni mwa Raymundi. Kilifuliwa na marehemu baba yake, mhunzi wa Puge, aliyemwonya kuwa kikirudi motoni makali yatakufa. Tangu masika Raymundi alikuwa akikifuta kwa kitambaa tu.

"Basi tuzichome. Lete kiberiti nilichokupa masika kwa ajili ya kisu."

Alimpa. Memsahibu akakifungua. Njiti zote zilikuwemo.