Gazeti Lisilo na Hisa

Bi Zamoyoni alimkuta Lugano, dalali wa hisa, akipanga mafaili kwenye maboksi ili ahame. Bei zilikuwa zimeporomoka mwaka mzima.

"Kama umekuja kuuza, mama, umechelewa. Hakuna anayenunua."

"Nimekuja kununua."

Lugano alisimamisha kazi. "Nani amekudanganya?"

Bi Zamoyoni alikuwa ametunza magazeti ya maktaba ya mji kwa miaka thelathini. Alitandaza mezani magazeti matatu yaliyogeuka rangi ya chai.

"Soko limeanguka mara tatu nikiwa na akili zangu. Kila mara habari huanzia ukurasa wa mbele, watu wanalia. Kisha zinasogea ndani, jirani na matangazo ya vifo. Halafu inafika siku haziandikwi kabisa, kwa sababu hakuna tena anayeuliza. Haya ni magazeti ya siku hizo. Mara zote tatu mwezi haukuisha, bei zikaanza kupanda."

Akaweka gazeti la nne, la leo. Lugano alilipekua mara mbili, asione habari ya hisa hata moja.

"Na safari hii ikiwa tofauti?"

"Nitakuwa nimekosea kwa pesa yangu. Wewe umefuata wenzako mwaka mzima, na leo unahama."

Fomu za kununua ndizo Lugano alizozifunga mwanzo, chini kabisa ya boksi, kwa kuwa hazikuwa na kazi tena. Alipiga magoti, akaanza kutoa mafaili kwenye boksi, moja baada ya jingine. Bi Zamoyoni alikataa kiti, akasubiri wima, kalamu imeshafunguliwa.