Nyeupe Nyepesi, Nyekundu Nzito

Risasi ya Safari ilipita juu ya nguruwe kwa nafasi ya kutosha kumpisha twiga. Nguruwe akainua pua, akamtazama, kisha akarudi kwenye muhogo wa Mwanne.

"Nyepesi mno," Safari akasema hata kabla moshi wa gobore haujaisha. "Upepo umeibeba."

"Juzi ulisema nzito mno, Baba Hamida," alisema Mwanne, mwenye shamba.

"Juzi ilikuwa nzito. Ndiyo maana leo nikapunguza."

Mwanne aliyatazama matuta yake yaliyofukuliwa. Nusu ya shamba ilikwisha kwenda, na muhogo ule ndio uliokuwa chakula cha wanawe mpaka mvua nyingine. Pale kijijini Chiungutwa nguruwe yule walishampa jina la Mkaguzi, kwa kuwa hakuna shamba alilopita bila kulikagua.

Ukweli ni kwamba Safari angeweza kuidungua embe kwenye kikonyo chake. Lakini desturi ya kijiji ilikuwa moja: mwenye gobore akiwa kazini kulinda mashamba, nyumba zinapokezana kumpikia. Leo ugali na kisamvu cha karanga kwa Mwanne, kesho kuku kwa Dastani na mkewe Severina. Safari alikuwa mgane. Binti yake Hamida ameolewa mbali, jiko lake limelala vumbi, na kilichomtisha si njaa tu, bali kula peke yake akitazamana na ukuta. Siku Mkaguzi atakapokufa sahani zitakoma, na mazungumzo yatakoma pamoja nazo. Basi alikosa shabaha kwa bidii zote, na kila akikosa alitoa somo jipya la uzito wa risasi.

Shida ya masomo ni kwamba wanafunzi huchoka.

"Nimemwita mtu wa Newala," Mwanne akamwambia asubuhi moja. "Anaitwa Yassini. Wanasema uzito wa risasi anaujua kama anavyoyajua majina ya wanawe."

Safari akalirudisha tonge sahanini.

Yassini alifika kwa bodaboda, gobore limefungwa kwenye kanga, tumbo limetangulia. "Shikamoo, mzee," alisema, na Safari akaitika marahaba kwa shingo upande. Kabla ya kuuliza habari za nguruwe, mgeni aliuliza wenyeji wamepika nini.

"Mwindaji halengi akiwa na njaa," alieleza.

Safari alichukia. Maneno hayo alidhani ni yake peke yake.

Baada ya kummaliza kuku wa Severina, Yassini alitandaza risasi zake mkekani, kila moja imeviringishwa kitambaa cheupe au chekundu. Kwa macho zilikuwa sawa. Tofauti ilikuwa uzito, na hata hiyo mkononi haikuzidi uzito wa korosho moja.

"Nyeupe nyepesi, nyekundu nzito," alisema. "Nguruwe wenu anatokea ng'ambo ya bonde, kwa hiyo nitatumia nyeupe. Nzito ikifika kule itakuwa imeshuka mkono mzima."

Wenyeji wakatikisa vichwa kwa heshima. Kisha Yassini akaenda kuswali alasiri, na Safari akabaki peke yake na ule mkeka.

Shetani hakuwa na haja ya kumshawishi. Alimkuta kazi imeshaanza. Safari alizivua risasi nguo zao, akazibadilisha: nzito akazivika nyeupe, nyepesi nyekundu. Huyu fundi wa Newala atalenga nguruwe, risasi itashuka, na vumbi litatimka miguuni mwa Mkaguzi. Kijiji kitaona kwamba hata wataalamu hukosa. Alimwonea Mwanne huruma, kweli kabisa, na akajiahidi kumsaidia kupanda upya.

Jua lilipoinama walijibanza nyuma ya mikorosho, ukingoni mwa bonde: Yassini, Safari, Mwanne, na Dastani, ambaye alikuja na kisu, maana kwao Wakristo nyama ya nguruwe haikuwa na neno. Gobore lilikuwa tayari, nyeupe imeshindiliwa ndani. Ng'ambo ya bonde Mkaguzi akatokea, mnene, hana haraka. Yassini akalenga, akarekebisha, akalenga tena, muda mrefu ajabu kwa mtu anayesifiwa kiasi kile.

Gobore likanguruma.

"Pole, mwanangu," Safari alianza mapema, moshi ukiwa bado umewafunika. "Uzito huu una mitihani yake..."

"Kaanguka!" Dastani alipiga kelele, tayari anateremka bondeni. "Nguluwe kaanguka!"

Moshi ulipoondoka walimwona Mkaguzi amelala ubavu katikati ya matuta. Mwanne alipiga kigelegele, akaishika mikono ya Yassini, machozi yanamtoka. Kisha akakimbia kumfuata Dastani. Alipofika katikati ya mteremko aligeuka.

"Pumzika sasa, Baba Hamida!" alipaza sauti kwa furaha. "Kuanzia kesho hutahangaika tena kuzunguka nyumba za watu!"

Safari alikaa chini palepale. Alipotazama pembeni alimkuta Yassini naye amekaa, jasho linamtiririka, ameifungua nyeupe nyingine na anaipimapima kiganjani.

"Mzee," Yassini alinong'ona, "kuna mtu kazigusa risasi zangu. Mimi nililenga mkono mzima juu ya mgongo wake, kama ninavyofanya Newala kila msimu. Sasa huko wakisikia nimeua, nani atanipikia?"