Kidole cha Fundi Cherehani

"Mpiga zeze kama mimi hajazaliwa," fundi cherehani alizoea kujitapa, kisha akamalizia, "na wa kunisikiliza naye bado."

Miaka ishirini alipiga peke yake, wenzake wakishatoka kazini. Leo mwenzake wa cherehani ya pili anastaafu, na zawadi aliyoitaka ni moja tu: wimbo mmoja, mbele ya mafundi wote.

"Sindano imenichoma, dada yangu," fundi akasema, akionyesha kidole alichokiviringishia kitambaa.

"Pole. Basi nitajipigia mwenyewe."

Mwenzake akalitoa zeze la fundi chini ya meza ya kukatia, akalikwaruza. Likalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Watu wakaangua kicheko.

Wamcheke yeye, sawa. Zeze lake, hapana! Fundi akakifungua kitambaa kwa meno, akalinyakua. Magoti yaligongana hata akajibwaga kwenye kiti chake cha kushonea. Hapo mguu, kwa mazoea, ukakanyaga pedali: taka, taka, taka. Magoti yakatulia. Mkono ukaufuata mguu, na wimbo ukatoka umenyooka kama mshono wa shuka.

Alipomaliza, makofi yalitikisa mkasi ukutani. Mwenzake alikuwa akijifuta machozi kwa gauni la mteja.

"Na kidole, mdogo wangu?"

"Acha tu, kinaniuma hicho!" fundi akasema, akikifunga upesi upesi.

"Pole sana. Ila kabla ya wimbo sindano ilikuchoma mkono ule mwingine."