Unga wa Kigae

Evanthia alikwaruza kitako cha chungu cha marehemu bibi yake kwa tupa, akaukinga unga mwekundu kwenye kichupa kilichoandikwa "Kigae cha Kilimani". Kila mara aliutazama mlango kama mwizi.

Kigae chenyewe, chenye mchoro wa ndege mweusi, alikwisha kukitupa baharini asubuhi ile. Mzee Thrasos ndiye aliyemletea maabara, kimefichwa ndani ya soksi. "Andika kimeokotwa njiani, binti yangu. Zaidi usiniulize."

Kufukua vitu vya kale bila kibali ni jela, na jela mzee aliijua. Enzi za utawala wa wanajeshi walimfunga miaka mitatu kwa kulala mbele ya matingatinga ya kampuni ya machimbo iliyokitaka kilima. Sasa kampuni imerudi, imevaa tai. Wizara imesema: thibitisheni kwamba wafinyanzi wa kale walitumia udongo wa hapo, na kilima hakitaguswa. Kila udongo una madini yake. Mashine ya Athene itasema.

Lakini ndege yule alikuwa mzuri mno. Chombo hiki hakikufinyangwa hapa, wazee wetu walikinunua tu mjini, Evanthia alijiambia. Chungu cha bibi, kilichopika maharage humu kijijini tangu yeye hajazaliwa, bila shaka kilikuwa cha udongo wa hapa; kisingewaangusha.

Majuma matatu hakuweza kumtazama mzee usoni. Naye alizidi kumletea tini, akimtania: bibi yako wanakijiji walimwita mkimbizi, mbegu ya Waturuki, leo mjukuu wake ndiye anayewaokolea kilima. Tini zile hakuzila.

Siku ya majibu mkahawa ulifurika. Ofisa wa wizara alisoma bila kuinua macho. Udongo huu hauna undugu wowote na udongo wa kilima. Umetoka ng'ambo, pwani ya Smirna, nchi ya Waturuki.

Evanthia akakikumbuka chungu. Smirna ndiko bibi alikotoka akikimbia moto, usichana wake wote ukiwa ndani ya kifurushi kimoja.

Mzee Thrasos akasimama, akamnyooshea polisi aliyekuwa mlangoni mikono yote miwili.

"Nifunge, mwanangu. Nilichimba. Kigae kile nilikibandua kwenye ukuta wa tanuri la kale la kuchomea vyungu, pale pale kilimani, kilikuwa kimegandia humo humo."

Kisha akamgeukia Evanthia, macho yakimng'aa.

"Kimebaki kipande, binti yangu? Wape wapime tena."